Fikasi ya kwenye chungu imepukutisha majani kwa jua la Moshi

Pole dada. Umesema fikasi yako, ule mti wa mapambo hapo barazani, imepukutisha majani tangu jua la Februari lianze kuwaka, na kila ukiongeza maji ndo inazidi kunyauka. Usiitupe kwanza. Kwangua gome kidogo kwa ukucha, ukiona kijani chini yake mti bado mzima, ukikuta kahawia na pakavu jaribu chini zaidi kwenye shina.

Mimi kilichoniponza mwaka juzi ni udongo, ulikauka mpaka ukaachana na kuta za chungu, nikimwagia maji yanapita pembeni yanatokea chini na mimi najua nimemwagilia, kumbe mizizi mikavu kabisa. Nikatumbukiza chungu chote kwenye beseni kama nusu saa hadi mapovu yakaisha, nikaacha kichuje. Siku hizi nachomeka kidole kwanza, kukiwa na unyevu simwagilii.

Hamishia panapopata jua la asubuhi tu, na usiweke chungu juu ya sementi tupu, ile inachemka balaa, weka vipande vya mbao chini. Mbolea acha mpaka uone machipukizi mapya, na chungu usibadilishe sasa hivi.

Ila kama udongo unanuka uvundo na mizizi myeusi inateleza, hapo inaoza, hiyo ya beseni usifanye kabisa. Au ukiona utando mwembamba chini ya majani, kata tawi moja umpelekee bwana shamba alione kabla hujanunua dawa yoyote.