Nilisoma kidato cha tano na sita shule ndogo ya binafsi: kilichonibeba chuoni na kilichonigharimu

Mleta mada, shikamoo kama umenizidi umri. Umesema binti yako kapangiwa kidato cha tano shule ya serikali yenye wanafunzi zaidi ya elfu moja, na wewe unataka kumhamishia shule ndogo ya binafsi kwa kuwa umeambiwa huko "wanawaandaa kwa ajili ya chuo". Wadau waliotangulia wamekujibu kwa kuhesabu divisheni. Mimi nilipita njia hiyo hiyo unayotaka kumpitisha, kwa hiyo nitakujibu kwa yaliyonikuta.

Shule yetu ilikuwa mkoani Njombe, kule ambako maji ya kunawa asubuhi yanauma kama sindano. Kidato cha sita tulikuwa 41. HGL (History, Geography na English Language) tulikuwa 14 tu, tunaenea kwenye meza tatu zilizounganishwa. Nilimaliza 2016. Mkuu wa shule, tuliyemwita Madam, alimjua kila mzazi kwa sauti ya simu. Mpishi alijua nani hali maharage. Ukikohoa usiku, asubuhi matroni anakuuliza umekunywa nini. Wazazi wanalipia hicho, na kusema kweli kina raha yake.

Shida ni kwamba chuoni hakuna matroni.

Pale shuleni kengele ililia saa kumi na moja alfajiri, na prepo ya usiku, yaani muda wa kujisomea, ilikuwa na mwalimu anayehesabu vichwa. Simu marufuku. Hela ya matumizi aliitunza mhasibu, unapewa 2,000 kila Jumamosi na kusaini daftari. Kwa miaka miwili sikuamua kitu chochote zaidi ya kuchagua nianze kusoma History au Geography. Nikatoka na matokeo mazuri sana, nikaingia chuo cha serikali Dar es Salaam, Oktoba hiyo hiyo ya 2016, ukumbi una watu zaidi ya mia tano na mimi nimekaa nyuma kabisa nasubiri mtu aniambie cha kufanya.

Hakuna aliyeniambia. Wiki ya tano kipindi kimoja kilihamishwa ukumbi, tangazo likawekwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa, na mimi kundini simo kwa sababu simu yangu ilikuwa ya tochi. Siku hiyo kulikuwa na testi. Kwa wasiojua: chuoni kwetu kazi za semista zilibeba alama 40 na mtihani wa mwisho 60, kwa hiyo testi uliyoikosa inakufuata hadi mwisho wa semista. Nilikwenda kwa mwalimu nikitegemea ataniuliza kama nilikuwa naumwa, kama Madam angeuliza. Aliniuliza namba ya usajili. Hakuwa mkali, ila alikuwa na wanafunzi mia tano na mimi nilikuwa mmoja wao.

Halafu bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo. Wakati wetu ilikuwa 8,500 kwa siku, inatoka ya siku 60 kwa mpigo, yaani 510,000. Mtu aliyezoea 2,000 ya Jumamosi unampa laki tano na kumi mkononi, ndani ya Dar! Nilinunua simu (hiyo naitetea mpaka leo), viatu jozi mbili, nikamtumia mama 50,000 ili ajue mwanae sasa ni mtu mzima, kilichobaki kikaishia kwenye chipsi kuku na michango ya bethidei za watu nisiowajua. Siku ya 26 nilikuwa na elfu tisa.

Niliyeishi naye chumba kimoja alitoka shule kongwe ya wasichana ya serikali, zile za kupanga ndoo foleni na kuandika jina hadi kwenye kandambili. Bumu lilipotoka alinunua mchele kilo 20, mafuta, dagaa na sabuni, hela nyingine akaiweka akaunti ambayo kadi yake aliiacha kwa dada yake Mbagala. Na bado alikuwa amebebana na mwenzake aliyekosa chumba, wanalala mzungu wa nne kwenye kitanda cha futi mbili na nusu. Mwezi ule nilikula kwake. Yeye chuo hakikumshtua, alishazoea kuishi mahali ambapo hakuna anayemjua na akikaa kimya anakosa maji. Matokeo yake ya kidato cha sita yalikuwa chini ya yangu. Semista ya kwanza alinipita kwa mbali.

Sasa usije ukadhani nasema shule ndogo haifai. Kuna mambo mawili yalinibeba, na yote mawili hayakuwa kwenye kipeperushi cha shule.

La kwanza lilikuja kwa bahati mbaya. Mnaojua shule za binafsi mnajua: ajira mpya za serikali zikitangazwa, walimu wanaondoka. Kidato cha tano muhula wa pili mwalimu wetu wa Geography alipata ajira, akaaga Ijumaa, Jumatatu hayupo. Kumpata mwingine kulichukua zaidi ya miezi miwili. Madam hakutuficha. Alikuja darasani na silabasi, akagawa mada kwa majina, akasema kila mmoja atafundisha ya kwake na yeye atakaa nyuma asikilize, ingawa yeye ni mtu wa Kiswahili. Mimi nikapewa utafiti: namna ya kuchagua sampuli, hojaji, mahojiano, ushuhudiaji. Mara ya kwanza nilisimama dakika kumi nikasoma daftari neno kwa neno. Madam akaniuliza swali moja tu: "Kwa nini usiwaulize watu wote, unachagua wachache wa nini?" Sikuwa na jibu. Nilirudi maktaba (chumba kimoja, rafu nne) nikatafuta kwa siku tatu. Nilipofundisha tena, nilielewa kitu kwa mara ya kwanza bila kukikariri.

Chuoni, nilipokuwa nimeshalowa na ile testi, hiyo ndiyo iliyoniokoa. Tulianzisha kikundi cha watu watano kwenye vimbweta (yale mabenchi na meza za nje), kila mmoja anachukua mada anaifundisha kwa wengine kabla ya semina. Wenzangu waliona ni kitu kipya, mimi nilikuwa nimeshakifanya kwenye baridi ya Njombe. Somo la mbinu za utafiti la mwaka wa pili, ambalo liliwapa watu wengi sapu (kurudia mtihani), kwangu lilikuwa marudio.

La pili ni makaratasi. Hapa natamani kila shule nchini ingefanya kama Madam. Mwezi wa kwanza wa kidato cha tano alitaka kila mtu alete cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne, akaviweka pamoja mezani. Watu sita majina yalipishana: mmoja Jeni na Jane, mwingine jina la babu limeachwa, mwingine tarehe ya kuzaliwa ni tofauti. Miaka miwili ni muda wa kutosha kurekebisha hayo kwa utulivu. Ukiyagundua wakati dirisha la mkopo liko wazi, utalia. Siku hizi Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, na vijana wengi maombi wanajaziwa steshenari na mtu asiyewajua, anayeandika anachosikia.

Na kwa wewe unayempeleka binafsi, hili lisikupite: Bodi inaangalia pia umesoma wapi na nani alilipa. Mimi nusu ya ada ililipwa na parokia. Madam alihakikisha barua ya mfadhili ipo kwenye faili langu kabla sijaondoka, pamoja na stakabadhi. Bila barua ile ningeonekana mtoto wa wenye uwezo. Maombi ya vyuo mwaka wetu yalipitia mfumo mmoja wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Tangu 2017 mwanafunzi anaomba moja kwa moja kwa kila chuo, kwa hiyo kijana ambaye hajawahi kujaza fomu kwenye kompyuta kwa mkono wake mwenyewe ana kazi.

Kuna jambo moja ambalo shule yetu ilijisifia sana nalo halikutusaidia. Kingereza. Tulivaa kibao cha mbao shingoni ukikamatwa unaongea Kiswahili. Kuongea tulijua, tena kwa mbwembwe. Lakini kuandika tulifundishwa insha ya mtihani: utangulizi, pointi sita, hitimisho. Asaimenti yangu ya kwanza chuoni niliiandika hivyo hivyo, pointi sita safi kutoka vitabu vya pointi. Nilipata nne juu ya kumi, na kwa kalamu nyekundu pembeni niliulizwa hoja yangu mwenyewe iko wapi na haya maneno nimeyatoa wapi. Nilikasirika kweli, nilidhani hoja ni zile sita! Ilinichukua mwaka mzima kujua kwamba wanataka niseme naona nini, nimtaje niliyemsoma, halafu nijibishane naye. Darasa la watu 14 lilikuwa mahali pazuri mno pa kujifunza hilo. Tulilipoteza kwa kukariri.

Kwa hiyo ukienda kutembelea hiyo shule, usivutiwe na bango la matokeo getini. Muulize mkuu: mwalimu akiondoka katikati ya muhula mnafanyaje? Akikuambia hawaondoki, ana yake. Omba uone insha moja iliyosahihishwa ya kidato cha sita, uone kama mwalimu ameandika kitu zaidi ya vema. Uliza hela ya mtoto inashikwa na nani, na kama wa kidato cha sita wanaruhusiwa angalau kwenda sokoni wenyewe. Na omba namba ya mzazi wa binti aliyemaliza miaka mitatu iliyopita. Wa mwaka jana bado wana furaha ya matokeo, hawatakuambia kitu.

Ningekuwa wewe ningempeleka, kama majibu yataridhisha, ila likizo za nyumbani ningemkabidhi bajeti ya chakula ya wiki nzima na nisimwongezee hata mia ikiisha Alhamisi. Kama majibu yanayumba, mwache aende serikalini na ada hiyo ilipie masomo ya ziada na kompyuta. Ndoo ya foleni haijamuua mtu.

Halafu hicho cheti cha kuzaliwa kitoe kabatini leo, ukilinganishe na cha kidato cha nne. Majina yakipishana rudi hapa uandike yanapishana wapi, nitakueleza wale wenzangu sita walivyofanya.