Mgeni wako wa kwanza wa nyati

Mdogo wangu, hongera. Umesema umepata leseni ya mwindaji bingwa, yaani anayeongoza wageni wa uwindaji, na Julai unapokea mgeni wako wa kwanza, anayetaka nyati, ukauliza utafanyaje aondoke ameridhika.

Anza kabla hajapanda ndege. Mwandikie aje na bunduki aliyoizoea, yenye kipenyo cha mtutu kisichopungua inchi .375, na aache nguo za bluu na nyeusi maana mbung'o (ndorobo) wanazipenda mno. Mwambie pia mapema kwamba mnyama akijeruhiwa akapotea, analipiwa kama aliyeuawa. Ugomvi mwingi wa kambini nilioushuhudia ulianzia kwenye bili, si porini.

Siku ya kwanza apige shabaha kwanza, hata kama amechoka na safari. Hapo usiangalie karatasi tu, muangalie yeye: anafumba macho? Anavuta kifyatulio kwa pupa? Mimi niliwahi kuona aibu kumsahihisha mzee mmoja mwenye majigambo. Tulifuata damu ya nyati kwenye vichaka hadi jua likazama.

Porini tikisa kifuko chako cha majivu kila mara uone upepo unaelekea wapi. Upepo ukigeuka, rudini nyuma bila kubishana. Na mfuata nyayo akisema dume bado ni changa, pembe hazijakomaa katikati, mwamini yeye kuliko hamu ya mgeni. Mgeni atanuna jioni. Mpe chai, mweleze ulichokiona, kesho alfajiri mtoke tena.

Ofisa wanyamapori mliye naye usimfiche kitu. Chakula mwachie mpishi.