Bustani ni ya umma, mbona droni yangu imezuiwa?

SWALI: Ndugu mwandishi, habari za kazi. Baada ya kustaafu nilijinunulia droni ndogo ya gramu 249. Jumapili iliyopita, alfajiri, niliirusha katika bustani ya umma ninayotembea kila siku. Palikuwa na mimi na mtu mmoja na mbwa wake, basi. Mlinzi akaja mbio akaniamuru niishushe, akisema halmashauri imepiga marufuku. Nilimfungulia kwenye simu kanuni za mamlaka ya usafiri wa anga, ambazo zinaniruhusu kurusha chombo cha uzito huo. Akanijibu, "Hizo ni za huko juu, hapa ni bustanini." Je, halmashauri inatawala anga? Na kama bustani ni ya umma, mimi si umma?
*Mstaafu mwenye droni*

JIBU: Mzee wangu, barua yako nimeisoma mara mbili, maana nami nimewahi kusimama hapo uliposimama, rimoti mkononi na mlinzi mbele yangu. Wewe ulisema kweli, na mlinzi naye alisema kweli. Wewe ulikuwa unazungumzia anga, yeye anazungumzia nyasi.

Anga ni ya mamlaka ya nchi. Ndiyo inayopanga kimo (mita 120 Uingereza na katika Umoja wa Ulaya, futi 400 Marekani, ambazo karibu ni kitu kimoja), umbali kutoka viwanja vya ndege, na sharti la kuiona droni kwa macho yako muda wote ikiwa hewani. Huko halmashauri haina kauli. Lakini ardhi unayokanyaga ni yake, na kwa sheria ndogo za bustani inaweza kukukataza kurusha kutoka hapo na kutua hapo. Tazama marufuku ya hifadhi za taifa za Marekani, iliyoanza 2014: haikujaribu kufunga anga. Ilikataza kurusha, kutua na kuendesha droni ukiwa ndani ya ardhi na maji ya hifadhi. Halmashauri nyingi zinafuata njia hiyohiyo.

Ugomvi wa nani mwenye hewa si mpya. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mkulima mmoja wa North Carolina, Thomas Lee Causby, alikuwa akifuga kuku karibu na uwanja uliotumiwa na ndege za jeshi. Ndege zilipita chini mno, kuku wakaingiwa na kiwewe, wakawa wanajibamiza ukutani na kufa, hadi wapatao 150. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1946 majaji wakasema ile imani ya kale kwamba mwenye shamba anamiliki hadi mbinguni haina nafasi tena. Hata hivyo wakampa Causby haki yake: hewa ya chini kabisa, ile anayoihitaji ili aishi na kufanya kazi kwenye ardhi yake, haiwezi kuchukuliwa bure. Mpaka hasa uko mita ngapi hawakusema. Droni zetu zinaruka katika hewa hiyohiyo isiyo na mpaka ulio wazi.

Kuhusu gramu 249, nakuomba usiitumie kama ngao. Uzito huo unakupunguzia masharti ya mamlaka ya anga, na hata hayo hayakai mahali pamoja. Marekani, droni ya burudani isiyofika gramu 250 haisajiliwi, lakini mrushaji bado anatakiwa kufanya jaribio la usalama. Uingereza, tangu Januari 2026, anayerusha chombo cha gramu 100 au zaidi lazima awe amefaulu mtihani wa mrushaji. Mwenye bustani hajali mizani. Na usishangae ubao wa langoni ukitaja "ndege za modeli" tu, yaani zile ndege ndogo za kuigiza zinazoongozwa kwa rimoti. Sheria ndogo nyingi zilitungwa kabla ya droni kujaa madukani.

Sasa nikueleze kwa nini siku hizi nawaelewa walinzi. Miaka michache nyuma nilirusha droni yangu bustanini, asubuhi tulivu kama yako. Mawasiliano na rimoti yakakatika. Droni ikafanya ilichofundishwa: ikapanda hadi kimo cha kurudi nyumbani, ikageuka, ikaja. Kimo hicho nilikuwa nimekiacha mita 20, na kati yetu palikuwa na mti mrefu kuliko hapo. Niliisikia ikikata majani kabla sijaiona. Ilianguka hatua mbili kutoka kwa mama aliyekuwa ameketi kwenye benchi akinyonyesha. Hakunipigia kelele. Alimfunika mtoto kichwa kwa mkono wake, akanitazama. Kila ninapoweka betri namkumbuka. Mwaka 2015 huko Uingereza mtoto mdogo alipoteza jicho baada ya droni kugonga mti ikamgeukia, na aliyeirusha alikuwa mzoefu. Mimi nilikuwa nimekubali hatari ya mchezo wangu. Yule mama hakuulizwa.

Halafu kuna ndege wenyewe, wale wa manyoya. Mei 2021, katika hifadhi ya Bolsa Chica, California, droni iliyorushwa kinyume cha sheria ilianguka kwenye kisiwa walipokuwa wametaga membe. Ndege wapatao 3,000 waliondoka kwa hofu wakayaacha mayai zaidi ya 1,500 mchangani. Bustani yenye bwawa au miti ya viota inaweza kuonekana haina mtu alfajiri. Viumbe wake wapo.

Kuna watakaokushauri utoke nje ya lango, urushie barabarani, uingie bustanini kwa juu. Mara nyingine sheria ndogo haitakukamata hapo. Lakini unapoteza kuiona droni nyuma ya miti, na sasa unasimama penye magari. Mimi nisingefanya.

Fanya hivi. Usibishane tena na mlinzi, si yeye aliyetunga. Iandikie ofisi ya bustani, uombe nakala ya sheria ndogo yenyewe, maana mara nyingine kilichoko ubaoni ni kipana kuliko kilichopitishwa. Uliza kama kuna bustani au saa zinazoruhusiwa, au kibali. Kama hakuna, pendekeza eneo: uwanja wa wazi, mbali na watoto na bwawa, saa za asubuhi, warushaji waliosajiliwa na wenye bima. Barua ya mtu mmoja huwekwa kando, kwa hiyo tafuta warushaji wenzako mtie sahihi pamoja. Ndiyo, mzee wangu, wewe ni umma, na huko kwenye kikao cha halmashauri ndiko neno hilo lina nguvu kuliko bustanini. Wakati unasubiri jibu, omba ruhusa kwa mwenye shamba au klabu ya ndege za modeli.

SWALI: Droni ya mtu ilisimama juu ya mwanangu akicheza bembea bustanini. Nikiitungua kwa jiwe nitakuwa na kosa?
*Mama wa mtoto mmoja*

JIBU: Dada yangu, hasira yako ni ya haki, ila jiwe liache chini. Marekani, kwa mfano, droni inahesabiwa kuwa chombo cha anga, na kuiharibu ni kosa kubwa. Baya zaidi, itakapoanguka, itaangukia bembea, na betri yake ya lithiamu ikipasuka inaweza kuwaka moto.

Mtoe mtoto chini yake kwanza. Kisha zungusha macho: mrushaji hatakiwi kuwa mahali asipoiona droni yake, kwa hiyo kwa kawaida yupo karibu, amesimama peke yake, ama anatazama juu ama ameinamia skrini. Mwendee, mwambie kwamba hutaki mwanao apigwe picha. Wengi hushusha papo hapo. Asiposikia, mpige picha yeye na droni yake, andika saa, mwite mlinzi. Akiendelea kumfuata mtoto, hilo si jambo la sheria za bustani tena. Piga simu polisi.