Mkuu usitume hiyo advansi, toa kwanza kofia ya tairi la nyuma

Mkuu wa Igombe, hiyo advansi ya kitrekta, milioni moja na nusu, usiitume. Kama umeshaituma, mpigie huyo bwana sasa hivi, mwambie mama mkwe kalazwa, mwambie chochote, mradi irudi. Salamu tutasalimiana baadaye.

Nimesoma swali lako mara mbili tumbo likinikata. Una ekari mbili za bichi, nyasi zimekushinda, na mvua ikinyesha mchanga wa mlimani unajaa njia ya wageni. Dalali wa Dar kakuonyesha kitrekta cha kukalia, mtumba wa nje, hosipawa 20, visu vya nyasi chini ya tumbo, bledi ya kusukumia theluji mbele, na tela dogo juu yake kama bakshishi. Kakuhakikishia kwamba bledi hiyo itasukuma mchanga na moramu kama greda. Unatuuliza chapa gani nzuri, kinakula mafuta kiasi gani, visu vinanolewaje, na nyasi zikishakatwa ziachwe chini au zikusanywe.

Maswali mazuri. Mimi niliyauliza yote hayo mwaka 2021. Kuna moja tu sikuuliza, na hilo moja limenila karibu milioni tisa ukijumlisha kila kitu, aibu sijaihesabu.

Mimi nina bustani ya sherehe Luchelele, hapahapa Mwanza, ekari moja na nusu, inateremka mpaka majini. Anayeijua ardhi ya kule hahitaji maelezo: mawe ya Mungu kila mahali, katikati ya mawe luseni, yaani udongo wa kichanga, na luseni yenyewe mvua ikija inashuka yote kutoka juu inalala kwenye njia. Kila Novemba nilikuwa na vijana wanne, makoleo na toroli mbili. Nikachoka. Nikamwambia shemeji yangu aliyeko Kanada, naye akanitumia video. Yuko juu ya kitrekta, kavaa kofia ya sufu, anasukuma theluji inayofika magotini huku anatabasamu kama mgombea. Akaandika chini: "Shem, kama hii inaondoka, mchanga ni nini?"

Nikaamini. Mtu mwenye shahada.

Sasa nikupe hesabu ambayo hakuna aliyenipa. Theluji ikiwa ndiyo kwanza imeanguka, meta moja ya ujazo ina kilo 50 mpaka 100 hivi. Mchanga mkavu, meta hiyohiyo moja, ni kama kilo 1,600, na ukilowa unazidi. Yaani shemeji alikuwa anasukuma pamba, mimi nilikuwa nasukuma Jiwe la Bismarck, lile jabali la ziwani Mwanza. Na hata hiyo pamba yao ikilowa wanaihangaikia: wanafunga minyororo kwenye matairi ya nyuma na vyuma vya uzito kwenye rimu ili trekta lisitereze. Kwenye video minyororo ilikuwepo. Nilidhani ni urembo.

Dalali wangu si huyo wako, ila naona wamenyonya ziwa moja. "Bosi, wazungu hawatengenezi vitu vya kitoto." Akafungua boneti, akaniwashia, injini ikaimba. Akanionyesha stika ya hosipawa. Mimi na hosipawa hizo tukapendana pale pale. Nilizunguka yadi dakika tano, nikarudi nyuma, nikakunja kona, nikashuka, nikalipa. Huyo bwana mpaka leo nikimpigia yupo kwenye kikao. Miaka minne yupo kwenye kikao. Bunge lenyewe huahirishwa.

Wiki ya kwanza raha tupu. Nyasi zimekatwa kama zulia, mabibi harusi wanapanda kupiga picha, jirani anapita taratibu na gari ili aone. Mvua zikaja, mchanga ukajaa njia, nikashusha bledi. Na likasukuma! Hapo ndipo penye mtego, mkuu, kwamba mwanzoni linasukuma. Kama dakika arobaini hivi. Halafu likaanza kulegea. Injini inaunguruma vilevile, ila trekta linakwenda kama mtu aliyeshiba ugali wa udaga saa nane mchana. Kwenye mwinuko likagoma kabisa. Nikakanyaga pedali mpaka mwisho, likatetemeka, nikasikia harufu ya mafuta yanayoungua. Kesho yake asubuhi nikaliwasha, liko sawa kabisa, linapanda kilima kama mbuzi. Nikasema kumbe ilikuwa petroli chafu.

Nikasafisha kabureta. Nikabadili plagi. Nikabadili mkanda. Kila asubuhi liko sawa, kila adhuhuri limelegea. Wiki tatu hivyo, mpaka siku likasimama katikati ya njia, injini inanguruma, matairi hayana habari.

Fundi wangu wa Nyakato alipofungua boksi ya nyuma, oili ilikuwa nyeusi na ndani yake vumbi la chuma linang'aa kama glita za bibi harusi. Akaniuliza, "Mzee, hii ulikuwa unavutia nini?" Nikamwambia, ya kusukumia mchanga. Akanyamaza muda mrefu. Yule kijana ana heshima sana.

Vitrekta hivi vingi havina gia za kuingiza kama za gari. Ile boksi ya nyuma ndani ina pampu inayosukuma oili, oili inazungusha mota, mota inazungusha ekseli. Ukikanyaga pedali unaongeza oili inayopita, basi. Kazi ikiwa nzito na ndefu oili inapata moto, inakuwa nyepesi kama maji, inavuja kupenya pembeni mwa pistoni za ndani ya hiyo pampu na mota badala ya kuzisukuma, nguvu inakwisha. Ikipoa inakuwa nzito tena, nguvu inarudi. Ndiyo maana asubuhi mbuzi, mchana kobe. Na kila siku ya namna hiyo chuma kinalika kidogo. Juu ya boksi kuna feni ndogo ya kuipooza. Yangu ilikuwa imejaa majani makavu tangu huko ilikotoka, na mimi nilikuwa bize kufuta vumbi la boneti.

Tena boksi ya namna yangu imetengenezwa imefungwa, haina hata nati ya kumwagia oili. Imekusudiwa kubeba mtu mmoja na visu vya nyasi kwenye uwanja tambarare. Kiwandani wameandika kabisa kwenye kitabu kwamba usiifungie kifaa chochote kinachochimba au kukwangua ardhi. Kitabu nilikuwa nacho. Kilikuwa cha Kijerumani.

Kuagiza boksi nyingine na kuitoa bandarini ilikuwa milioni mbili na laki nne. Mama watoto akasema tuuze vyuma chakavu. Mimi nikasikiliza fundi wa pili (si yule wa Nyakato), aliyependekeza tuweke difu (gia za ekseli ya nyuma) ya Bajaji. Msiniulize. Lilitembea siku mbili. Breki ya kitrekta hicho ilikuwa ndani ya boksi ileile tuliyoitupa, na hakuna aliyelikumbuka hilo, kwa hiyo siku ya tatu likateremka lenyewe kuelekea ziwani, mpishi wangu yuko juu anaimba mapambio. Lilisimamishwa na mwembe. Mpishi mzima, mwembe mzima, milioni mbili na laki nne nikazilipa.

Sasa sikiliza. Usimwache akufungulie boneti. Injini ya hosipawa 20 wanaifunga kwenye trekta la nyasi na wanaifunga kwenye trekta la kazi, rangi ileile, stika ileile, kampuni ileileile. Tofauti iko nyuma, na huhitaji kuwa fundi kuiona. Nenda kwenye tairi la nyuma, bandua kile kikofia cha plastiki cha katikati. Ukikuta tairi limechomekwa kwenye shafti na kushikwa na klipu tu, na pembeni kipande kidogo cha chuma kwenye mfereji (mafundi wanaita kii), hilo ni la nyasi, na kama hukulifuata kwa ajili ya nyasi, geuka uondoke. Ukikuta tairi limefungwa kwa bolti tano kama gari, hapo unaweza kuanza kuzungumza habari za bledi na jembe. Angalia na rimu: ya inchi 8 ni ya nyasi, lile la kazi kwa kawaida nyuma lina inchi 12. Matrekta ya kazi ya namna hiyo yapo, ni mazito, ni ghali, na dalali wako kama angekuwa nalo asingekupa na tela bure.

Hata ukikuta bolti tano, lipande likiwa la moto. Dakika tano hazionyeshi kitu. Mwambie unataka saa nzima, kata nyasi zake, panda mteremko wake. Kama la dakika ya hamsini halipandi kama la dakika ya tano, umeshaona. Akikuambia petroli inakwisha, mnunulie lita tano. Ni lita tano za bei nafuu kuliko zote utakazonunua maishani.

Na mteremko wenyewe: vitabu vya vitrekta hivi vinasema usizidi nyuzi 15, na ukate ukipanda na kushuka, usikate ukikingama. Igombe kwako bichi ni tambarare, una nafuu. Sisi wa milimani tunaomba dua.

Kingine, dalali ataanza kukupambia na ile mashine ya kurusha theluji, ile yenye mdomo na bomba refu juu. Nilipewa na mimi, "bonasi". Ina pini zinazotengenezwa makusudi zikatike ikimeza kitu kigumu, ili gia zipone. Luchelele pini ilikatika kabla sijafika getini. Siku hizi kuku anatagia humo na nakiri mayai hayavunjiki. Ile bledi nimeilaza kwenye mtaro wa juu inageuza maji yasiingie njiani, na ndiyo kazi yake ya maana tangu izaliwe. Mchanga ukizidi nakodi kijiko, ile mashine ya kuchimbia, nusu siku mara moja kwa mwaka, wa kawaida vijana na toroli. Kitrekta kinakata nyasi tu na kuvuta tela la majani makavu, na tangu nimekiacha na kazi yake hakijalegea.

Chapa sina ya kukutajia, rangi haisukumi mchanga. Visu noa mara kwa mara, luseni inavila upesi. Mafuta sikumbuki, nilikuwa nalia. Hilo la kukusanya nyasi wapo humu wanaojua zaidi, na kulikuwa na swali lingine nimelisahau.

Mwambie huyo bwana akupigie picha ya tairi la nyuma, kofia ikiwa imetolewa, iweke hapa leo. Akisema kofia haitoki, nipe namba yake mimi nizungumze naye.