Vifo 31, kisha 58: je, barabara za Northern Territory zimekuwa mbaya zaidi?

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Niko Brisbane, nasomea takwimu, na nimepewa kazi ya kuandika ripoti ya vifo vya barabarani nchini Australia, kwa majimbo na kwa makundi ya watumiaji wa barabara. Naona New South Wales inaongoza, vifo 340 mwaka 2024. Naona pia Northern Territory ilitoka vifo 31 mwaka 2023 hadi 58 mwaka 2024, karibu mara mbili. Niandike kwamba hali huko imezidi kuwa mbaya? Na waendesha pikipiki niwalinganishe vipi na watembea kwa miguu?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. La New South Wales ni jepesi, tulimalize kwanza. Jimbo hilo lina watu karibu milioni 8.5, wengi kuliko jimbo lingine lolote, kwa hiyo kuongoza kwa idadi ya vifo hakutuambii chochote kuhusu hatari. Gawa vifo kwa idadi ya watu, utapata vifo 4 hivi kwa kila watu 100,000, karibu sawa na Victoria. Queensland, hapo ulipo, inapita 5, na Australia Magharibi inafika 6. Northern Territory, yenye watu wapatao robo milioni tu, mwaka huo ilikaribia 23. Aliyekuwa karibu na mkia kwenye jedwali lako ndiye wa kwanza.

Sasa swali lako lenyewe. Umechukua miaka miwili ukaunganisha kwa mstari. Rudi nyuma mwaka mmoja: 2022 walikufa watu 47. Kwa hiyo mfululizo ni 47, 31, 58, na wastani wake ni 45. Namba ndogo kama hizi huyumba zenyewe hata barabara zisipobadilika. Kwa hesabu ya Poisson uliyofundishwa (kanuni ya kukadiria jinsi idadi ya matukio adimu inavyoyumba yenyewe), kipeuo cha pili cha 45 ni 6.7, kizidishe mara 2, kisha uende juu na chini ya wastani. Unapata ukanda wa kuanzia 32 hivi hadi 58. Tazama basi: 31 na 58 zote zimekaa ukingoni mwa ukanda uleule. Umelinganisha mwaka uliokuwa mwema sana na mwaka uliokuwa mbaya sana, na mtu akiuanzia mwaka mwema, unaofuata karibu daima utaonekana kama balaa.

Tena ukanda wenyewe ni mpana kuliko Poisson inavyosema, kwa sababu vifo haviji kimoja kimoja. Gari moja lililojaa watu likipinduka, wanakufa watatu au wanne kwa pamoja. Juni 2023, huko Hunter Valley, New South Wales, basi lililobeba watu waliotoka harusini lilipinduka, wakafa 10 katika ajali moja. New South Wales yenye vifo mia tatu na zaidi inaweza kubeba kumi hao bila grafu kuruka sana. Ingetokea Canberra, mji mkuu wenye watu wachache, ambako 2022 walikufa 18, 2023 wakafa 4, na 2024 wakafa 11, mchoro wote ungevurugika. Hesabu ajali zilizoua na watu waliokufa katika safu mbili tofauti.

Usinielewe kwamba Northern Territory haina tatizo. Tatizo lipo, na ni kubwa. Hata ukitumia wastani wa miaka 3, inabaki vifo 18 kwa kila watu 100,000, zaidi ya mara 4 ya New South Wales. Hicho ndicho cha kuandika kwa herufi nzito: kiwango kiko juu mwaka hadi mwaka, ila mruko wa mwaka mmoja hauthibitishi kwamba kimepanda. Sababu zinajulikana. Umbali kati ya mji na mji ni mrefu mno, mwendo ni mkubwa (hadi mwisho wa 2006 nje ya miji hapakuwa na kikomo cha jumla cha mwendo, ndipo kikawekwa cha kilomita 110 kwa saa, na 130 kwenye barabara kuu), na hospitali iko mbali. Wenyeji asilia wa Australia, ambao ni sehemu kubwa ya wakazi wa huko, nchi nzima hufa barabarani kwa kiwango cha zaidi ya mara 2 ya wengine. Ripoti isiyolitaja hilo imewaacha nje wafiwa wengi.

Kwa nchi nzima kuna mtego mwingine. Mwaka 1970 walikufa watu 3,798. Mwishoni mwa mwaka huohuo Victoria ilifanya kufunga mkanda kuwa lazima, ya kwanza duniani, na Desemba 1982 New South Wales ikaanza kuwapima madereva pombe bila kuwachagua. Vifo vikashuka miongo kwa miongo. Ukichora mstari mmoja kuanzia 1970 hadi leo, utakuambia vinaendelea kushuka. Siyo kweli. Mwaka 2020 vilikuwa karibu 1,100, na 2024 vikafika karibu 1,300. Ongezeko hilo ni asilimia 18 hivi, wakati watu waliongezeka asilimia 6 hivi. Yote hayo nchi ikiwa na mpango wa kupunguza vifo kwa nusu ifikapo 2030. Kata mstari wako vipande viwili, hadi 2020 na baada yake, la sivyo umewaficha waliokufa miaka hii ya karibuni.

Tuje kwenye makundi. Waendesha pikipiki waliokufa 2024 walizidi 270, karibu mmoja kati ya kila watano, ilhali pikipiki hazifiki 5 kati ya kila vyombo 100 vilivyosajiliwa. Na usiwafikirie kama bodaboda wa kwetu. Wengi huko huendesha kwa burudani, wikiendi. Watembea kwa miguu walikuwa 160 na ushei. Kuwagawa hawa wawili kwa idadi ya watu hakutoshi, maana kila mtu hutembea na wachache tu hupanda pikipiki. Vifo vya pikipiki vigawe kwa pikipiki zilizosajiliwa au kilomita zilizoendeshwa, vya watembea kwa miguu vigawe kwa idadi ya watu, kisha useme wazi kwamba vipimo hivyo havilingani. Linganisha kila kundi na lenyewe, mwaka kwa mwaka. Waendesha baiskeli ni arobaini hivi nchi nzima, kwa hiyo usiwapasue kwa majimbo: utabaki na sifuri na moja moja.

La mwisho ni faili la serikali utakalopakua, lenye mstari mmoja kwa kila marehemu tangu 1989. Palipokosekana taarifa wameandika -9. Ukikokotoa wastani wa umri au wa kikomo cha mwendo bila kuziondoa, wastani utashuka na hakuna kitakachokuonya. Safu ya saa nayo ni ya Kizungu: 02:00 ni saa 8 usiku kwetu. Vifo hivyo ni vya usiku wa manane, usije ukaviandika vya mchana.