Acha Weupe wa Mpingo

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniandikia kutoka Newala: "Shikamoo fundi. Nimeona picha ya sanamu yako ya Ujamaa iliyouzwa. Nachonga kwa miezi minane sasa, zangu hazinunuliki. Nakosea wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Picha zako nimezitazama. Mkono unao, ila umeumenya mti hadi ukabaki mweusi mtupu. Nami nilikuwa hivyo hivyo.

Kwa asiyeujua mpingo: chini ya gome kuna nyama ya rangi ya maziwa yaliyochacha, na ndani yake ndimo mlimo weusi unaotafutwa na kila mtu. Ujamaa yenyewe ni mti wa watu. Babu chini, wajukuu wameng'ang'ania mgongo wa mama, wote gogo moja, bila gundi wala kiungo. Wengi humtaja Yakobo Sangwani, aliyetoka Msumbiji, kuwa ndiye aliyeanzisha mtindo huu, ukiitwa dimoongo kabla siasa haijaupa jina la Ujamaa. Na sisi Wamakonde tuna hadithi ya mtu aliyeishi peke yake porini, haogi wala hanyoi, akachonga sanamu ya mti, akaisimamisha karibu na kibanda chake. Usiku ikawa mwanamke. Huyo ndiye mama yetu. Bibi alinihadithia, nilipoanza kutafuta hela nikasahau.

Miaka sita iliyopita hoteli moja iliniagiza Ujamaa inayonifika kiunoni. Miezi mitatu nzima (ya msasa sisimulii, unayajua). Niliacha weupe mahali pamoja tu, kwa kichanga aliyebebwa mgongoni. Meneja akapagusa kwa kidole, akasema mti una ugonjwa, akaikataa. Nikaipaka kiwi nyeusi ya viatu, kwa mkono wangu mwenyewe, nikaiuza kwa bei ya kutupa. Hela nimeshazisahau. Ile kiwi bado.

Hii ya juzi nimeacha weupe tena, kwa kichanga, palepale. Mama mmoja alisimama mbele yake kimya, kisha akauliza, "Huyu ndiye aliyezaliwa jana?" Hakuomba apunguziwe hata shilingi.

Kwa hiyo ushauri wangu: acha weupe. Gogo bichi usilivamie siku lilipoletwa. Lipake nta kwenye ncha zote mbili, liweke kivulini, la sivyo litapasuka. Halafu acha weupe. Nyinyi vijana mnataka kulimaliza kwa wiki gogo la mti uliokua miaka 70 au zaidi! Wengine mnachonga mti wowote, mnaupaka rangi, mnamwapia mgeni kuwa ni mpingo, wakati mpingo ukiutia majini unazama na huo wenu unaelea. Aibu haiwashiki? Ndiyo, nami nilipaka, ndiyo maana nasema.

Ile sanamu yako ya tatu, ya mzee: kwenye sikio la kushoto naona weupe kidogo umebaki. Usiuguse.