Mdogo wangu anataka kuwa mchumi wa ajira, kuna kazi hapo kweli?

SWALI: Shikamoo mjomba. Mi ni kibarua kiwanda cha minofu hapa Mwanza, mdogo wangu ndo namsomesha, kamaliza form six EGM na sasa anasema anataka kuwa mchumi, ila sio wa benki, eti wa mambo ya ajira na mishahara. Nikamuuliza huyo anafanyaga nini, akaanza kunichorea grafu. Halafu kazini supavaiza anatwambiaga kima cha chini kikipanda nusu yenu mnabaki nyumbani. Hao wachumi ndo wanamfundisha? Dada wa Igoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Umenichekesha ila hujakosea sana, miaka mingi wachumi wengi walisema hivohivo, mshahara ukipandishwa kwa sheria tajiri anapunguza watu, na grafu ya mdogo wako nahisi ndo hiyohiyo. Mpaka wachumi wawili, David Card na Alan Krueger, wakasema ngoja tukahesabu. 1992 jimbo la New Jersey kule Marekani lilipandisha kima cha chini toka dola 4.25 kwa saa mpaka 5.05, jirani zao Pennsylvania wakabaki palepale. Jamaa wakafuatilia migahawa 410 hivi ya baga na kuku, huku na huku, kabla na baada, kwa simu zaidi, mna wafanyakazi wangapi? Basi. Na New Jersey ajira hazikupungua. Ni kama Kirumba wapandishe posho ya vibarua, Igoma wasipandishe, we unasimama getini alfajiri unahesabu vichwa.

Wachumi wenzao walikuja juu, wengine wakaleta takwimu za malipo ya mishahara ya migahawa kuwabishia, wakabishana miaka. Krueger baadae akawa mkuu wa washauri wa uchumi wa Obama, 2011 mpaka 2013, na Card akapewa Nobel ya uchumi 2021 (Krueger alishafariki 2019). Ila usiende kumpigia supavaiza kelele, ile ilikuwa nyongeza ya senti 80 kwenye migahawa ya kwao, ya viwanda vya sangara lazima mtu aje ahesabu hapahapa.

Na ndo hapo namtaka mdogo wako. Kwenye tafiti za ajira swali la kawaida ni hili, siku saba zilizopita umefanya kazi walau saa moja ya kukuingizia kipato? Sasa lipeleke Igombe wakati wa mbalamwezi, mitumbwi ya dagaa iko juu mchangani maana mwezi uking'aa dagaa hawafuati taa, mama muanika dagaa kakaa barazani anasukwa nywele, unaandika hana kazi. Rudi wakati wa giza, huyohuyo yuko kichanjani toka alfajiri anageuza dagaa, hana hata muda wa kukujibu. Halafu mtu wa ofisini aje apange ajira za muda za TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya masikini, kwa kutumia jibu moja tu kati ya hayo, aziweke wiki za giza, si anamtoa mama kwenye hela yake mwenyewe? Mtoto aliyekulia huku ziwani hafundishwi hilo darasani, analijua.

Lile la masikini wakipewa hela wanabweteka nalo lilishapimwa, wachumi walipitia miradi 7 ya kugawa fedha kwenye nchi 6, hawakuona watu wakiacha kazi. Mi mwenyewe nilikuwa nabishaga.

Kazi zipo lakini sio za kumwagika, wengi wanaanza kama wadadisi, yaani wauliza maswali ya tafiti, wanatembea na tableti mtaa kwa mtaa wakifukuzwa na mbwa, wengine baadae wanaenda NBS (ofisi ya taifa ya takwimu), vyuoni, wizarani au kwenye mashirika. Hesabu na takwimu asiziache hata kidogo, grafu zitakuja zenyewe. Akiwa anasubiri chuo mpe daftari aende Igombe, aulize wakati wa giza, arudi aulize watu walewale mbalamwezi. Na we kuanzia kesho hesabu mko wangapi getini na wangapi wameingia, uandike na tarehe.